Msaada Upo, Unaulizwa Wapi?

Bili ya umeme imelala miezi miwili, na kampuni imetuma barua ya mwisho kabla ya kukata. Nyumbani hakuna moto, hakuna mwizi, hakuna aliyezimia. Katika shida ya namna hiyo, mtu anayeishi Marekani anampigia nani simu? Swali hili huulizwa na wageni waliofika juzi, na huulizwa vilevile na wenyeji waliozaliwa hukohuko, kwa sababu shida nyingi za maisha hazina ofisi moja inayojulikana na wote.

Jibu, karibu kila mahali nchini humo na katika Kanada nzima, ni namba tatu: 211. Simu ni ya bure, na katika maeneo mengi hupokewa usiku na mchana. Anayeipokea ni mtu aliyefunzwa kusikiliza shida, kisha kumwelekeza mpigaji kwenye ofisi, zahanati, shirika au kanisa lenye msaada karibu na anapoishi. Wenye kazi hii huiita huduma ya taarifa na rufaa. Taarifa ni kumweleza mtu kilichopo. Rufaa, kama ile ya hospitali, ni kumpeleka kwa anayehusika. Kituo cha 211 chenyewe hakigawi chakula, hakilipi pango wala hakitibu. Kazi yake ni kujua nani anafanya hayo, wapi, saa ngapi, na kwa masharti gani.

Kazi hiyo inaonekana ndogo mpaka mtu aangalie jinsi msaada unavyogawanywa Marekani.

Milango mingi, kila mmoja na ufunguo wake

Msaada wa chakula wa serikali, unaojulikana kwa kifupi cha SNAP, hulipiwa na serikali kuu, lakini maombi hupelekwa katika ofisi ya jimbo au ya kaunti. Mpango wa kusaidia bili za nishati, ulioanza mwaka 1981, nao hulipiwa na serikali kuu, ila fedha zake hupitia mashirika ya mitaa, na kila shirika lina tarehe yake ya kufungua dirisha na tarehe ya fedha kwisha. Akina mama wajawazito, wanaonyonyesha, na watoto walio chini ya miaka mitano wana mpango wao wa lishe. Askari wastaafu wana ofisi zao. Wazee wana zao. Chini ya hapo kuna mashirika ya hisani, makanisa, misikiti na vikundi vya ujirani, na mingi ya milango hiyo hufunguliwa kwa saa chache tu, labda Jumanne na Alhamisi asubuhi.

Hata majina huwachanganya watu. Kinachoitwa benki ya chakula, kwa kawaida, ni bohari kubwa inayokusanya chakula na kukigawa kwa mashirika. Familia haiendi huko. Inakwenda kwenye ghala dogo la mtaani, mara nyingi katika chumba cha chini cha kanisa. Mtu asiyejua tofauti hiyo atapanda mabasi mawili mpaka kwenye lango la bohari na kurudi mikono mitupu.

Katika mtaa wa Dar es Salaam au Kigoma, mgeni aliyekwama humwendea mjumbe wa nyumba kumi, naye atajua ni nani wa kuonwa kwa jambo gani. Mji wa Marekani wenye watu milioni mbili hauna mjumbe wa namna hiyo. Namba 211 ilibuniwa kujaza nafasi yake.

Ilikotoka namba hii

Huduma za taarifa na rufaa zina umri mkubwa kuliko namba yenyewe. Chama cha kitaifa cha wanaofanya kazi hii kilianzishwa mwaka 1973. Mwaka 1976 jimbo la Connecticut lilianza huduma yake ya simu, ikiitwa Infoline. Miji mingine ilikuwa na huduma kama hizo, lakini kila moja ilitumia namba yake ndefu, na namba ndefu haikumbukwi na mtu ambaye usingizi umempaa kwa mawazo ya pango.

Mwaka 1997 tawi la Atlanta la shirika la hisani la United Way lilianza kutumia 211. United Way ni mtandao wa mashirika ya kuchangisha fedha za jamii ambao chimbuko lake ni mji wa Denver, mwaka 1887. Connecticut ikafuata mwaka 1999, ikawa jimbo la kwanza kuitumia namba hiyo katika eneo lake lote. Mwaka 1998 United Way na wenzake walikuwa wameshapeleka ombi kwa Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho, chombo cha serikali kinachosimamia simu na redio, wakitaka 211 itengwe kwa kazi hii nchi nzima. Tume ilikubali tarehe 21 Julai 2000.

Ombi hilo halikuwa dogo. Katika mpangilio wa simu wa Amerika Kaskazini, namba fupi zinazoishia na 11 ni nane tu, na ikigawiwa moja, basi imekwenda. Mpaka sasa zimegawanywa hivi:

- 211: huduma za afya na ustawi wa jamii
- 311: huduma za mji zisizo za dharura, kama taka na mashimo ya barabarani
- 411: kuulizia namba za simu, mara nyingi kwa malipo
- 511: hali ya barabara na usafiri
- 611: huduma kwa wateja wa kampuni ya simu
- 711: kuwaunganisha viziwi na wasioweza kusema na watu wanaotumia simu ya kawaida
- 811: kuuliza kabla ya kuchimba ardhi, ili jembe lisikate bomba au waya
- 911: polisi, zimamoto na gari la wagonjwa

Kongwe katika matumizi ya dharura ni 911, ambayo simu yake ya kwanza ilipigwa Februari 1968 katika mji mdogo wa Haleyville, Alabama. Tangu Julai 2022 kuna pia 988, ambayo si ya ukoo huo wa 11: hiyo ni ya mtu anayewaza kujiua au aliyezidiwa na msongo wa akili.

Kanada ilifuata njia ileile. Toronto ilianza mwaka 2002, na mwaka 2020 huduma ikawa imeenea nchi nzima.

Hakuna kituo kimoja kikuu kinachopokea simu zote za 211. Marekani ina vituo takriban mia mbili, na kila kimoja kina eneo lake. Vingi vinaendeshwa na matawi ya United Way. Vingine, kama vile vya Los Angeles na San Diego, ni mashirika yanayojitegemea. Huko Texas, idara ya afya na ustawi ya jimbo ndiyo inayosimamia mtandao wa vituo 25. Ndiyo maana huduma inapishana ubora toka mahali hadi mahali. Anayesifu 211 ya mji mmoja na anayeilalamikia ya mji mwingine wanaweza kuwa wote wawili wanasema kweli.

Ndani ya simu moja

Mpigaji hukutana kwanza na sauti iliyorekodiwa. Itamtaka achague lugha, na pengine abonyeze namba yake ya posta, yaani tarakimu tano zinazotaja eneo la makazi. Texas ina jambo moja la kufaa kukumbukwa: ukichagua 2, unapelekwa moja kwa moja kwa wanaoshughulikia maombi ya msaada wa chakula na bima ya afya ya serikali.

Baada ya hapo huja mhudumu. Swali lake la awali ni mahali, kwa sababu bila mahali hakuna jibu. Kisha husikiliza, na hapa ndipo ufundi wa kazi hii ulipo.

Chukua mfano wa mwanaume anayepiga simu akiulizia chakula. Mhudumu mvivu atampa anwani ya ghala la chakula, simu itakwisha kwa dakika mbili, na kwenye hesabu za kituo itaandikwa kuwa amehudumiwa. Mhudumu mzuri atauliza tangu lini. Hapo itatoka habari kwamba mtu huyu alipunguzwa kazini, akiba imekwisha kwa kulipa pango, na dawa zake za kisukari amekuwa akizimeza siku moja na kuruka siku moja ili zifike mwisho wa mwezi. Chakula alichokiulizia ni shida ya nne. Anahitaji kuambiwa pia kuhusu mafao ya waliopoteza kazi, zahanati inayotoza kulingana na kipato, na ofisi inayoweza kuzungumza na mwenye nyumba kabla kesi haijafika mahakamani.

Ndiyo maana mhudumu huuliza maswali ambayo mpigaji anaweza kuyaona ya udaku: nyumbani mko wangapi, kuna mtoto chini ya miaka mitano, kuna aliyevuka sitini, kuna aliyewahi kuwa jeshini, kipato cha mwezi ni kiasi gani, tarehe ya kukatiwa umeme ni lini. Kila jibu hufungua mlango mmoja au kufunga mwingine. Mtoto wa miaka minne ana mpango wake wa lishe. Akifikisha mitano, hana tena. Barua inayosema umeme utakatwa ndani ya siku tatu inaweza kumweka mtu mbele ya foleni ambayo bila barua hiyo asingeingia kabisa.

Kama katika mazungumzo pakatajwa kujiua, kipigo cha nyumbani au mtoto aliye hatarini, mengine yote huwekwa kando. Mhudumu humuunganisha mpigaji na 988, 911 au simu ya wanaonusuru watu na ukatili wa majumbani, naye hubaki kwenye laini mpaka mtu wa upande wa pili apokee. Kumpa mtu aliye katika hali hiyo namba nyingine na kumwambia apige mwenyewe huhesabiwa kuwa kosa la kikazi.

Kwa shida za kawaida, mpigaji hupewa zaidi ya jibu moja, na ikiwezekana matatu. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba mlango wa kwanza unaweza kuwa umefungwa. Ya pili ni uadilifu: kituo hakitakiwi kupendelea shirika fulani au dini fulani, wala kumlazimisha Mwislamu kwenda kanisani au asiye na dini kwenda msikitini. Mtu hupewa vilivyopo, akachagua. Jina lake si lazima alitaje.

Vituo vyenye nguvu hufanya mambo mawili zaidi. Mpigaji akirudi na kusema amefukuzwa dirishani ingawa ana sifa zote, mhudumu hupiga simu mwenyewe kwa ofisi ile kumtetea. Na baada ya siku kadhaa kituo humpigia baadhi ya watu kuuliza kama walipata walichotumwa kufuata. Simu hiyo ya pili ndiyo kipimo cha haki cha kazi nzima, na inasikitisha kwamba vituo vyenye uhaba wa watu huiacha kwanza.

Kwa ufupi: mpigaji hutaja mahali alipo, mhudumu hutafuta shida iliyo nyuma ya shida, hutoa njia kadhaa, hatari hushughulikiwa kabla ya yote, na kituo kizuri hufuatilia.

Daftari

Watu wakisikia 211 huwaza simu na vipokea sauti. Lakini simu ni sehemu rahisi ya kazi hii. Kinachogharimu ni daftari, yaani orodha ya huduma zote za eneo, ambayo siku hizi huwekwa kwenye kompyuta na kutunzwa na watu ambao mpigaji hawasikii kamwe.

Kwa kila huduma, daftari huandika inatoa nini, kwa nani, katika mitaa ipi, kwa karatasi zipi, kwa ada gani kama ipo, kwa lugha zipi, siku na saa zipi, na kama kiti cha magurudumu kinapita mlangoni. Kila ingizo linatakiwa kuhakikiwa angalau mara moja kwa mwaka. Kuhakiki maana yake ni mtu kushika simu, kupiga, kusubiri, na kuuliza upya mambo yaleyale: Bado mpo? Bado mnagawa Alhamisi? Bado mnataka barua ya mwenye nyumba? Ni kazi isiyo na sifa. Inapoachwa kwa miezi sita tu, mama mwenye watoto watatu hupanda basi kwenda kwenye ofisi iliyohama, na siku hiyo hiyo huacha kuiamini 211.

Tatizo la pili la daftari ni majina. Shirika moja litaandika kwamba linatoa vikapu vya chakula, la pili litasema ghala la chakula, la tatu msaada wa dharura kwa familia, na yote matatu yanafanya jambo lilelile. Ili mhudumu asikose moja kati ya hayo, vituo hutumia mpangilio mmoja wa istilahi ulioanzia Los Angeles mwaka 1983, ambao leo una majina ya huduma zaidi ya 9,000. Kila jina lina alama yake. Herufi B husimamia mahitaji ya msingi kama chakula na makazi, L husimamia tiba, R afya ya akili na matatizo ya ulevi. Ghala la chakula la mtaani, liite shirika jina lolote, hupewa alama BD-1800.2000. Mhudumu akiitafuta alama hiyo pamoja na namba ya posta, huona maghala yote yanayohudumia mtaa ule.

Alama hizo zilizaa faida ambayo pengine waanzilishi hawakuitegemea. Kwa kuwa kila simu huandikwa kwa alama za kilichoombwa, kituo kinaweza kuhesabu watu wanaomba nini, katika mitaa ipi, na ni maombi mangapi yalikosa pa kupelekwa. Mwaka baada ya mwaka, msaada wa pango na makazi, bili za umeme na maji, na chakula ndivyo vinavyoongoza. Halmashauri ya mji inayotaka kujua wapi pango linawashinda watu haihitaji kusubiri sensa; inaweza kuangalia simu za mwezi uliopita. Katika makala hii yote hakuna hoja yenye uzito kwa wapanga bajeti kuliko hiyo.

Dhoruba, moto na maradhi

Kimbunga Katrina kilipopiga pwani ya Louisiana mwishoni mwa Agosti 2005, wahudumu wa simu wa New Orleans walikuwa wenyewe miongoni mwa waliolazimika kuhama. Simu za watu wa mji huo zilielekezwa Monroe, kaskazini mwa jimbo, ambako wahudumu waliohamishwa na watu wa kujitolea walizipokea. Maswali hayakuwa ya kuokolewa kutoka juu ya paa, maana hayo ni ya 911. Yalikuwa ya siku zinazofuata: dawa za presha zinapatikana wapi, mtoto aandikishwe shule gani, mzee aliyehamishwa kutoka makao ya wazee amepelekwa mji gani.

Oktoba 2007 moto wa nyika uliuzunguka mji wa San Diego, California. Kituo cha 211 cha huko, ambacho kilikuwa na umri wa miaka miwili tu, kilipokea simu zaidi ya 100,000 kwa siku chache, na mamia ya wakazi walijitokeza kusaidia kuzipokea. Kila aliyeulizia barabara iliyofungwa au mahali pa kupeleka farasi wake kupitia 211 alikuwa ameiacha laini ya 911 wazi kwa mtu ambaye moshi umeshaingia chumbani. Mwaka 2020, wakati wa korona, mzigo ulikuja kwa namna nyingine: simu ziliongezeka kote nchini kwa wakati mmoja, kwa hiyo kituo kimoja hakikuweza kuazima wahudumu kwa jirani.

Mpigaji anayesema Kiswahili

Katika miaka ya 2010 wakimbizi kutoka Kongo walikuwa miongoni mwa makundi makubwa zaidi yaliyopokelewa Marekani, na wengi wao husema Kiswahili. Wengine wametoka katika kambi za Tanzania, Burundi, Rwanda na Uganda. Shirika linalompokea mkimbizi lilipangiwa kumhudumia kwa karibu katika siku 90 za kwanza. Barua ya kukatiwa umeme mara nyingi hufika baada ya siku hizo.

Anayepiga 211 hana haja ya kujua Kiingereza. Vituo hutumia wakalimani wa simu, na Kiswahili kimo katika lugha zao. Inatosha kulitamka neno "Swahili" na kusubiri. Kusubiri kwenyewe kunaweza kuwa kwa dakika kadhaa za kimya, na wengi hukata simu hapo wakidhani wameachwa; wasikate. Jambo la kuepuka ni kumpa simu mtoto wa shule awe mkalimani. Mtoto atalazimika kusikia habari za madeni au magonjwa ya wazazi wake, na ataruka maneno asiyoyajua bila kusema.

Wengine huogopa kwamba kuuliza kutawaletea matatizo ya uhamiaji. Kuuliza msaada kwa 211 hakuhitaji karatasi za uhamiaji. Baadhi ya mipango ya serikali, hata hivyo, ina masharti ya ukaazi, kwa hiyo ni busara kumuuliza mhudumu kila mpango unataka nini kabla ya kujaza fomu yoyote.

Kabla ya kupiga simu, inafaa kuwa na hivi mkononi:

- namba ya posta ya nyumbani
- barua au bili inayohusika, pamoja na tarehe yake ya mwisho
- idadi ya watu wa nyumbani na umri wao
- kipato cha mwezi, hata kwa makadirio
- kalamu na karatasi, kwa sababu namba zitatajwa haraka

Kama barua imetoka kwa kampuni ya umeme, ipigiwe kampuni pia, tena siku hiyohiyo. Nyingi zina utaratibu wa kulipa kidogokidogo, na baadhi ya mashirika ya misaada hutaka kuona kwamba mwenye deni alijaribu kuongea na anayemdai.

Kuna mtego mmoja wa simu za mkononi. Mtu aliyehama kutoka Texas kwenda Iowa akiwa na laini yake ya zamani anaweza kujikuta akiongea na kituo cha Texas. Dawa ni kutaja mahali alipo sasa na kuomba aunganishwe, au kutafuta kwenye tovuti ya 211.org namba ndefu ya kituo cha eneo lake. Katika maeneo mengi pia mtu anaweza kutuma namba yake ya posta kwa ujumbe mfupi kwenda 898211.

Inapofika ukingoni

Rufaa haina nguvu ya kuumba kitu ambacho hakipo. Katika miji mingi orodha za kungojea nyumba za serikali au vocha za pango huwa zimefungwa kwa miaka, na fedha za dharura za pango huweza kwisha kabla mwezi haujafika nusu. Mhudumu anayejua kazi yake husema ukweli huo mapema. Kumpa mtu namba tano za mashirika ambayo yote yamekaukiwa ni kumchosha bure, na malalamiko mengi dhidi ya 211 hutokana na hilo. Mpigaji anaona kituo kimeshindwa, kumbe kilichoshindwa ni bajeti ya makazi ya mji mzima.

Kituo chenyewe nacho kina njaa yake. Hakuna mfuko mmoja wa kudumu wa serikali kuu unaovilipia vituo vyote. Kila kimoja huunga michango ya hisani, fedha za jimbo au kaunti, na mikataba ya kazi maalumu. Tangu mwaka 2003 mswada wa kuvipa vituo fedha za serikali kuu uliwasilishwa katika Bunge la Marekani zaidi ya mara moja, na haukupita. Matokeo yake ni kwamba kaunti tajiri hupata wahudumu wa kutosha na kaunti maskini, yenye wapigaji wengi zaidi, hupata foleni.

Namba za Afrika Mashariki

Msomaji wa Tanzania au Kenya atasema kwamba namba fupi anazo. Ni kweli. Tanzania ina 199 ya Wizara ya Afya na 116 ya huduma kwa mtoto. Kenya nayo ina 116 kwa watoto na 1195 kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Hizi ni huduma zenye manufaa, na zimeokoa watu. Tofauti ni kwamba kila moja imejengwa kwa jambo lake. Mjane mwenye mtoto mgonjwa, deni la pango na kesi ya mirathi ana shida tatu, na kwa mpangilio huo atapaswa kujua milango mitatu.

Anayetaka kuanzisha namba moja ya shida zote atavutwa kuanza na namba yenyewe, kwa kuwa namba hutangazika na huzinduliwa kwa sherehe. Aanze na daftari, na awaajiri watakaolihakiki kabla ya watakaopokea simu. Connecticut ilianza huduma yake mwaka 1976. Namba 211 ilikuja miaka 23 baadaye.